Tawi Alilolifungua Mama

Kaka yangu alikuwa na imani moja kuhusu baiskeli yake: mwanamke akiipanda, inalegea. Alisema hivyo mbele za watu bila aibu, na mimi nilimwacha aseme. Nilikuwa nimejifunza kuiendesha siku nyingi, yeye akiwa malishoni, nikimaliza naifuta vumbi na kuirudisha ukutani kama nilivyoikuta. Basi jioni aliyorudi kutoka mnadani na habari kwamba madaktari wa macho wamekuja Mpanda, na kwamba kesho yake wangepokea wagonjwa mpaka saa kumi tu, baada ya hapo wafanye upasuaji, na siku inayofuata waondoke na treni, sikumwomba ruhusa. Nilimwambia aijaze upepo.

"Utampeleka wewe?"

"Wewe una ng'ombe. Mimi nina miguu."

Alinung'unika, lakini pampu aliichukua. Alijua kama ninavyojua kwamba gari la kupita kijijini kwetu Kasekese lilikuwa bahati, na bahati haiwekewi miadi.

Mayu, ndivyo tulivyomwita mama kwa Kisukuma chetu, alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Tulipohamia huku na ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya tisini, tukitoka kwetu kwenye mbuga tambarare ambako unamwona mgeni kabla hajaamua kuja, macho yalikuwa tayari yameanza kuingia ukungu. Tulipomaliza kujenga Kasekese, ukungu ulikuwa umefunga kabisa. Vilima vya huku alivijua kwa magoti. Mimi ndiye niliyemshika mkono kwenda chooni, kisimani, kwa majirani, msibani. Nilimpenda, na nilikuwa nimechoka. Usiku ule niliomba Mungu amrudishie macho kwa ajili yake, na nikaongeza kwamba hata mimi nitashukuru.

Tuliondoka alfajiri. Kwenye milima nilikokota baiskeli, naye akatembea nyuma ameshika keria. Hapo hatukuwa na tatizo, zaidi ya jasho. Tatizo lilikuwa kushuka. Mvua ilikuwa imeosha udongo wote barabarani ikaacha changarawe tupu, za mviringo, na ukizikanyaga ni kama umekanyaga mahindi yaliyomwagwa kwenye sakafu. Mayu alianguka mara ya kwanza akacheka. Alipoanguka tena hakucheka, na damu ilikuwa inamtoka gotini. Nilitazama jua, nikaona kwa mwendo ule tutaikuta hospitali imefungwa. Nikaamua tutashuka tumepanda.

Breki za baiskeli ya kaka zilikuwa za kupiga nazo picha. Lakini wanaobeba ndizi na mkaa katika milima ile wana njia yao: wanakata tawi kubwa lenye majani, wanalifunga kwa kamba nyuma ya keria, na baiskeli inaliburuta njia nzima ya kushukia. Uzito wa tawi ndio breki. Wakifika chini wanalifungua na kulitupa, ndiyo maana chini ya kila mteremko mbaya utakuta lundo la matawi. Ukiona lundo kubwa, ujue mteremko huo una sifa zake.

Nilikata tawi la mti wa miombo, nikalifunga, nikampakia Mayu, nikamwambia ashike keria kwa nguvu. Mteremko wa kwanza tulishuka kama mabibi harusi. Wa pili pia. Wa tatu ndio uliokuwa mrefu kuliko yote, una kona katikati na korongo upande wa kushoto. Tulikuwa karibu na kona niliposikia ule mkwaruzo wa nyuma umenyamaza. Baiskeli ikawa nyepesi ghafla, ikaanza kukimbia.

Nilikandamiza breki, zikalia tu. Nilitoa mguu kwenye pedali nikasukuma katambuga yangu kwenye tairi la mbele, mpira juu ya mpira, mpaka nikasikia unyayo unaungua. Tukapita kona, sijui tulipitaje. Mbele niliona shamba la mihogo upande wa kulia, nikaelekeza usukani huko na kufumba macho. Mihogo ilitupokea. Mimi nilikwenda na matuta, Mayu akabaki amekaa chini, miguu imenyooka, kitambaa cha kichwa kimekaa vilevile.

"Macho!" nilipiga kelele. "Umeumia macho?"

"Yameumia nini, wakati hayaoni?"

Nilimpapasa uso wote. Mzima. Hapo ndipo nilipogeuka kutafuta tawi, na Mayu, kwa sauti ya mtu anayesubiri kupewa asante, akasema:

"Nililifungua. Ulikuwa unahema kama ng'ombe wa plau. Nikapapasa nyuma, nikakuta umefunga mti mzima. Nikasema huyu mtoto ana wazimu, ananipeleka hospitali na kuni juu!"

Nilikaa kwenye tuta. Niliwaka hasira mpaka masikio yakawa ya moto, na maneno yakanijia mengi tu. Kisha nikatambua kwamba mwanamke huyu hajawahi kuona baiskeli inashuka mlima. Kwao milima haikuwepo, na ilipokuja, macho yalikuwa yamekwisha. Kwa akili yake tawi linaloburutwa ni la kuziba mlango wa zizi jioni, au ni kuni. Na mimi, niliyejua kila kitu, sikumweleza chochote. Nilipomweleza, alinigeuzia uso.

"Sasa si ungesema?"

Nilianza kucheka, naye akanifuata, na mwenye shamba akatukuta hivyo, tumekaa ndani ya mihogo yake tunacheka kama walevi. Alikuwa mama mmoja mwenye lafudhi ya Kirundi, jembe begani. Alitutazama, akatazama mihogo.

"Nyie Wasukuma, hata baiskeli mnaiswaga?"

Nilimweleza tunakokwenda, na kwamba mwisho wa kupokelewa ni saa kumi. Hakusema tena habari ya mihogo. Alibana tairi la mbele katikati ya magoti, akashika usukani uliokuwa umepinda na kuuzungusha mara moja, ukanyooka. Alimnywesha Mayu maji, kisha akatusindikiza kwa miguu kwenye mteremko uliobaki, amemshika mkono upande mmoja na mimi nimeshika baiskeli upande mwingine, akitugombeza njia nzima kwa uzembe wetu. Sijawahi kugombezwa nikafurahi vile.

Baada ya hapo ardhi ililala tambarare. Nilikanyaga pedali bila kusimama, mguu mmoja una lengelenge unyayoni, na tulipoziona nyumba za Misunkumilo, pembeni mwa mji wa Mpanda, nilianza kulia bila kujua ninalia nini. Hospitalini muuguzi alikuwa amesimama mlangoni anawaambia watu waliochelewa warudi makwao. Alimtazama Mayu, majani ya mihogo shingoni, vumbi mpaka kwenye kope.

"Huyu mmemtoa wapi?"

"Kasekese."

"Kwa hiyo?" akanyoosha kidole kuelekea baiskeli.

"Kwa hiyo."

Akasogea kando ya mlango akatupisha. Nilikaa sakafuni pale pale ukumbini, mgongo ukutani, na pumzi zikanirudi kidogo kidogo.

Walimfanyia jicho moja. Asubuhi yake walipotoa bandeji alipepesa muda mrefu, akamtazama daktari, akatazama dirisha, kisha akanitazama mimi. Alinitazama mpaka nikaona haya.

"Mbona umekuwa mtu mzima hivi?" akasema, na akaanza kulia, ikabidi muuguzi amkataze kwa sababu ya dawa.

Tulikaa kwa ndugu zetu Misunkumilo mpaka tukaruhusiwa kusafiri, kwa sharti asipande baiskeli. Kurudi tulitembea siku mbili, tukilala njiani. Kwenye ule mlima mrefu, safari hii tukiupanda, nilinyoosha mkono kumshika kama kawaida. Hakuuona, kwa sababu alikuwa ametangulia. Alitazama korongo, akaguna, akaendelea. Mimi nilikuwa nakokota, yeye anatembea mikono mitupu, akikwepa mashimo kwa hatua ndogo ndogo za uangalifu, na nafasi kati yetu ikazidi kukua. Alifika kwenye kona, akapotelea upande wa pili.

Kwa miaka yote ile nisingethubutu kumwacha apotee machoni pangu hata kwa muda wa kufunga kamba ya kiatu. Nilisimama. Nilisikiliza changarawe zikilia chini ya miguu yake kule juu, zikisogea mbali, na sikumwita.