Mikono ya Mtunza Taa

"Kwa nini taa ya mnara inafungiwa pazia mchana, wakati hata haijawashwa?"

Babu aliniuliza hivyo siku moja ya Krismasi, nyumbani Mwika, nikiwa mwaka wa pili chuo kikuu. Sikujua. Nilikuwa nahoji kila kitu, mdogo wangu, lakini sikupenda kuhojiwa.

Ujanani Babu aliteremka pwani akaajiriwa kutunza taa ya kuongozea meli. Siku hiyo, mbuzi akichunwa na mbege, pombe yetu ya ndizi, ikinywewa, alitueleza jinsi alivyopanda ngazi kila jioni kuwasha taa ya mafuta na kukaza mtambo kama wa saa kubwa, ili vioo viizunguke ile taa. Kila mnara una mpangilio wake wa mimweko. Nahodha akiuhesabu, anajua yuko wapi.

"Na pazia?" nikauliza.

"Vile vioo hukusanya jua, mama. Ukisahau pazia, unachoma mnara."

Baba mdogo akacheka. "Msomi wetu kakwamishwa na pazia."

Nilikereka. Babu aliposhika kisu kugawa nyama, kama mkubwa wa ukoo, mikono ilimtetemeka, kama ilivyotetemeka tangu nimjue. Nikasema mbele ya wote, "Babu, mpe baba mdogo kisu. Mbege imeshakushinda."

"Nimeonja kata moja tu."

Akatuangalia, labda yuko wa kumtetea. Sote tulikuwa tunaamini ni pombe, mimi nilitangulia tu kusema. Akaweka kisu juu ya jani la mgomba, akaingia ndani. Hakugawa nyama tena. Krismasi mbili zilizofuata alikula peke yake chumbani. Ya tatu hakuiona.

Kwetu ukimkosea mtu unampelekea jani la sale, naye hawezi kukunyima msamaha. Sikulipeleka, kwa sababu niliamini nimesema kweli.

Mdogo wangu, usiache kuhoji. Ila anza na lile unaloliamini bila kuuliza, hasa kama linamvunjia mtu heshima. Na sale lipeleke mapema, angali yupo wa kulipokea. Mungu akulinde na ulimi wako, akujalie uwahi.

Miaka mingi baada ya kumzika, nilisoma maelezo ya mitambo ya minara ya zamani. Vioo vile, vizito kupita gari, mara nyingi vilielea juu ya zebaki ili vizunguke kwa wepesi. Watunzaji waliichuja kwa kitambaa, mikono mitupu, na mvuke wake uliwaachia mtetemeko hata wale ambao hawakuwahi kugusa pombe.