Saini za Akina Mama Ndani ya Treni

Watu wa reli waliposema treni haitasimama tena kwenye kituo chetu kidogo, kati ya Vwawa na Tunduma, nilikasirika hadi chakula hakipiti. Mama yangu ana goti lisilokunjika. Akienda hospitali Mbeya lazima anyooshe mguu, na kwenye basi dogo ataunyooshea wapi?

Nikaandaa karatasi za malalamiko, nikapanda treni Mbeya, nikapita behewa kwa behewa. Wanaume walisaini bila maneno mengi. Bwana mmoja wa suti akaniuliza nagombea nini. Nikamwambia nagombea mguu wa mama yangu, akageukia dirishani.

Wanawake ndio waliojaa, wanarudi na mizigo ya soko. Karatasi ilitaka jina kamili, na wengi wao wanatumia jina la ukoo wa mume, yaani jina la baba yake. Huku kwetu mkamwana hatamki jina la baba mkwe, sembuse kuliandika. Dada mmoja mwenye mtoto mgongoni akaniambia kwa upole, "Kaka, hilo jina mimi siligusi. Niandike Mama Fulani," akataja mwanawe wa kwanza. Wenzake wakafuata. Nikaona sawa, maana kijiji kizima kinawajua hivyo.

Ofisa wa reli aliyepokea karatasi ni Mnyiha kama mimi, wa hapa hapa Mbozi. Akashika kalamu, akaanza kukata kila penye neno Mama.

"Haya si majina ya watu," akasema.

Nikamuuliza, "Bosi, mkeo anamwitaje baba yako?"

Mkono wake uliendelea kukata. Alipofika mwisho akasema majina yaliyobaki hayafiki idadi inayotakiwa. Wallahi nilitamani kumzaba kibao. Mtu mila anaijua, kaoa kwa mila hiyo hiyo, halafu akikaa nyuma ya meza anajifanya mgeni. Nyani haoni kundule.

Juzi nilikuwa natoka Mbeya na mama kwa treni. Alipoona mabati ya kwetu akaanza kukusanya vitu vyake, akatafuta fimbo.

"Haisimami, mama. Tutashukia Tunduma, turudi kwa gari."

Kituo kikapita. Akaketi polepole, mguu umenyooka mbele yake.

"Kwani watu wetu hawakusaini?"

"Walisaini, mama."

Nilishindwa kumwambia kwamba hata yeye, aliyejiandikisha kabla sijaondoka nyumbani kwa neno Mama na jina langu mimi mwanawe, jina lake lilikatwa.