Kombe Ambalo Halikuoshwa

Wiki iliyopita niliingia katika makumbusho madogo ya vitu vya dini, karibu na Mchafukoge. Ni chumba kimoja tu: msalaba wa mpingo, marufaa ya kuwekea msahafu, kabati la kioo. Kijana wa zamu aliniamkia, "Shikamoo, mzee," akanipeleka moja kwa moja kabatini. Ndani palikuwa na sahani nyeupe ya kaure yenye ufa ukingoni, imeandikwa aya kwa zafarani. Akanieleza kwamba kombe huandikwa ili lioshwe kwa maji, mgonjwa ayanywe. Hili, kwa bahati, limebaki. Nikaitikia kwa kichwa. Ufa ule naujua.

Nilikuwa na miaka tisa, Kariakoo, enzi ya Mwingereza. Nyumba yetu ya udongo na makuti iliamka na harufu ya vitumbua vya jirani na moshi wa vifuu. Mimi nilijaza mtungi, kisha nikaenda chuo cha Kurani na ubao wangu. Jirani hakuniacha nipite hivi hivi: "Mwandishi, leo kuku wako wamechakura aya gani?" Mwandiko wangu ulikuwa mbaya kweli, na ule utani uliniuma.

Mwaka ule mama alishikwa na homa isiyoachia. Mwalimu akamwandikia kombe, bibi akanituma kulichukua. Njiani nilisimama mara tatu kuzitazama zile herufi. Niliona hasara kuziosha kabla sijazinakili. Nikaificha sahani chini ya kitanda, nikatia zafarani ya jikoni katika kikombe cha maji, nikampelekea mama. Akanywa yote.

"Limenipoza, mwanangu," akasema.

Siku ya tatu tulimzika.

Bibi aliikuta sahani alipokuwa akifagia. Alikaa kitako sakafuni, ameipakata. Hakunipiga.

"Ungeniambia, mjukuu wangu. Ningekuombea nyingine kwa mwalimu, ya kwako."

Akaifunga katika leso ya mama, akaitia sandukuni. Sikuwahi kuinakili. Bibi alipofariki nyumba iliuzwa, vitu vikatawanyika. Pale chuoni sasa ni ghala la magunia.

Nimejisomea vitabu vya tiba, kimoja baada ya kingine. Najua ile homa ilitaka dawa, si zafarani. Kulijua hilo hakujanisaidia kitu.

Kijana aliniuliza kama naweza kujua sahani iliandikiwa nani. Nikamjibu, mwanamke mmoja mgonjwa, wa Kariakoo.

"Alipona?"

Nikamwambia hakulinywa.