Beseni la Mama Mnada

Mama mkwe wangu anauza vitu kwa pumzi. Ni dalali wa mnada, na mnada ni kazi ya kifua: unapanda juu ya meza, pembeni yako kuna kabati ambalo mlango wake umeng'oka bawaba, na unatakiwa kusema bila kusita mpaka mtu mwenye akili zake timamu ainue mkono na kulitaka hilo hilo kabati. Ukisita, watu wanapata nafasi ya kufikiri. Wakifikiri, umekwisha. Sasa mtu huyu, katika kazi zote zilizojaa duniani, alichagua hii, naye ana pumu tangu utotoni.

Kila mtu humwita Mama Mnada, mpaka hospitalini. Ana mwili mdogo, sauti ya kuezua paa, na mfuko ulioshonwa kifuani mwa gauni kwa ajili ya pampu yake tu. Pampu ya pumu mnaijua: kikopo cha bati kilichochomekwa ndani ya plastiki, unaweka mdomoni, unabonyeza, unavuta. Kwake ile haikuwa dawa peke yake, ilikuwa chombo cha kazi. Bei ikigoma kupanda, aliinua kidole, umati ukanyamaza, akaitoa pampu, akaitikisa, akabonyeza: pshaaa! Mlio ulifika mpaka kwa wauza viatu. Wateja wa siku zote walijua kwamba Mama amejaza kifua na sasa bei itapaa, kwa hiyo wajanja walikimbilia kutaja zao kabla hajavuta. Yeye naye aliwajua, na siku nyingine aliitoa na kuitikisa tu, akairudisha mfukoni, ili awachokoze.

Nampenda sana. Naona niliseme mapema, maana yanayofuata yataonekana kama namsengenya, na kweli namsengenya, lakini kwa mapenzi.

Mimi ndiye mke wa mwanawe wa pekee, na kazi yangu ni ya ofisini, idara ya mazingira, chumba cha mwisho baada ya choo. Nashughulika na gesi zinazoharibu ozoni, lile tabaka la juu angani linalotukinga na makali ya jua. Zamani gesi hizo zilikuwa kila mahali, kwenye majokofu, kwenye magodoro, kwenye marashi ya kupuliza. Nchi zikakubaliana kuziacha. Ila waliokubaliana walikuwa na utu, wakaacha mlango mdogo: kama gesi ni ya lazima kwa afya ya watu au kwa kazi ya maabara, na kama hakuna kingine cha kufanya kazi hiyo, nchi inaruhusiwa kuomba kiasi kidogo, mwaka hadi mwaka. Mlinzi wa mlango huo kwa upande wetu ni mimi.

Hutajua binadamu ana mambo ya lazima mangapi mpaka ukae kwenye kiti changu. Alikuja mtengenezaji wa dawa ya nywele, akaapa kwamba nywele ni afya. Alikuja mtaalamu wa maabara ya maji, bwana mpole mwenye miwani, ambaye kwa miaka mingi alipima mafuta kwenye maji kwa kimiminika kimoja kibaya sana kwa ozoni. Aliikumbatia chupa yake kama mtu aliyekuja kuniomba nisimtenganishe na mchumba. Nikamwonyesha njia nyingine ya kupima. Akanuna, akaondoka, akaijaribu, kisha akarudi kunieleza faida zake kwa ukali, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nabisha. Watu wa namna hiyo niliwamudu.

Walionishinda ni wenye pumu. Kiwanda chetu cha dawa kilikuwa bado kinatengeneza pampu za zamani, na kila mwaka nilikiombea gesi. Dawa iliyo ndani ya pampu haina ubaya wowote. Ubaya uko kwenye gesi inayoisukuma itoke. Kisha zikaja pampu mpya: dawa ile ile, gesi nyingine isiyoigusa ozoni. Kama pampu mpya zinafaa, gesi ya zamani si ya lazima tena, na mlango unafungwa. Nilifurahi kweli. Nilijiona tayari nikiagwa kwa keki.

Basi daktari wa kifua wa hospitali kubwa akanipigia simu.

"Dada, pampu mpya zinarudishwa kwa maboksi. Wagonjwa wanasema ni tupu."

"Tupu vipi?"

"Nikibonyeza, kweli nyingi hazitoi kitu. Kiwandani wanaapa zilitoka nzima. Mimi sielewi. Ila nikuambie ukweli: ukizifuta za zamani na hizi hawazitaki, nitapoteza watu."

Maneno hayo yaliniingia. Na aliyekuwa akiongoza wakataaji, nadhani mmeshamjua. Alikuja ofisini kwa miguu yake, akakaa kwenye kiti cha wageni, akaniita "mheshimiwa", jambo lililonitoa jasho kuliko kama angenitukana.

"Mheshimiwa, nimekuja kwa niaba ya wenye pumu."

"Karibu, mama. Niagize chai?"

"Chai nitakunywa kwa mwanangu. Hapa nimekuja serikalini." Akaweka pampu mpya mezani. "Hii ni nini?"

"Ni pampu, mama."

"Ni kiini macho. Ile yetu ukibonyeza inakupiga kooni, baridi, unajua umepigwa. Hii inapita kama mtu anayeomba radhi. Halafu nyingi ni mbovu, nimezipima mwenyewe. Mtaa mzima wananiletea nawapimia. Wengine wanatoka mbali."

Nilipaswa kumuuliza anapima vipi. Sikuuliza, kwa sababu mtu hamhoji mama mkwe wake kama polisi, na kwa sababu nilikuwa namwogopa.

"Za zamani nimebakiwa na moja," akasema akiinuka, na hapo sauti yake ikashuka. "Hiyo ikiisha, mheshimiwa, mtaniuza mimi mnadani."

Nyumbani nilimsimulia mume wangu. Yeye kila mambo yakichacha kati yangu na mama yake hukumbuka kuna bomba linavuja. Akachukua spana, akatokomea.

Ombi la nchi lilitakiwa kuondoka wiki iliyofuata. Nikiomba gesi tena, nasema hakuna mbadala, wakati mbadala umejaa hospitalini mpaka makarani wanakalia maboksi yake. Nisipoomba, na mama akakosa pumzi, nitakuwa nimemuua mama wa mume wangu kwa saini. Kila nilipofumba macho nilimwona. Niliichukia kazi yangu, na kwa mara ya kwanza niliichukia hata hiyo ozoni.

Jumamosi nikaona potelea mbali, nikaomba pampu mpya moja kiwandani, nikaitia kwenye mkoba ikiwa ndani ya boksi lake, nikaenda kumbembeleza.

Nyumba ya Mama Mnada imejaa vitu vilivyokosa mnunuzi. Kuna saa za ukutani, kila moja na wakati wake. Kuna viti vilivyopungukiwa miguu. Mwenyewe hukaa kwenye kiti cha daktari wa meno, kile cha kupandisha na kushusha, na mgeni akimuudhi hukanyaga pedali akapanda juu taratibu huku anamtazama. Nilimkuta amekaa humo. Mbele yake kulikuwa na beseni la maji, na ndani ya beseni vikopo vya pampu, vimevuliwa plastiki zao, vinaogelea.

"Mama, shikamoo. Hivi vinafanya nini humu?"

"Marahaba. Vinapimwa. Kikizama, kimejaa. Kikielea, kimekwisha. Nimepima hivi tangu mumeo hajaota meno." Akakidaka kimoja kwa vidole. "Lakini tazama hiki chenu. Jana kilizama vizuri kabisa, mpaka chini. Maana yake kimejaa, si ndiyo? Nakirudisha kwenye plastiki yake, nabonyeza, kimya! Sasa kimejaa nini? Hewa ya serikali!"

Akabonyeza nione. Kweli, kimya. Kikatoka kitone cha maji.

Nikakitazama kile kitone. Nikakumbuka karatasi ya kiwanda, yale maandishi madogo ambayo hakuna aliyewahi kuyasoma isipokuwa mimi, kwa mshahara: kikopo kisiguse maji, maji yakiingia yanaziba tundu la dawa. Plastiki ndiyo ya kuoshwa.

"Mama," nikasema polepole, "na hii plastiki huwa unaiosha?"

"Plastiki?" Akashtuka kama nimemwambia amwoshe paka kwa sabuni. "Niioshe ya nini? Nisije nikaharibu dawa!"

Hapo nikaona kila kitu. Kisichotakiwa kuoga kimeogeshwa, kinachotakiwa kuoga kimeogopewa. Maboksi yote ya hospitali, daktari na simu zake, kiwanda na viapo vyake, mimi na usingizi wangu niliopoteza, vyote vimetoka kwenye beseni hili. Wagonjwa walileta pampu nzima kwa mtaalamu, mtaalamu akazizamisha, zikafa, akawathibitishia kwamba zilikuja zimekufa. Nikauma midomo. Kicheko kikapitia puani.

"Unanicheka?"

"Hapana, mama." Kikatoka kingine.

"Unanicheka mimi, nyumbani kwangu, mbele ya beseni langu?" Akakanyaga pedali, kiti kikaanza kupanda.

Lile neno "beseni langu" ndilo lililonimaliza, na kile kiti kikipanda. Nikarudi nyuma nitafute pa kukaa, nikakalia kiti cha miguu mitatu, nikaenda chini na mkoba wangu, miguu juu. Nikajua ndoa yangu imeisha. Badala yake nikasikia kutoka kule juu ile sauti ya kazini:

"Nina mkwe hapa! Mkwe mmoja, wa serikali, amesoma, ameanguka kidogo tu! Nani anaanza? Mara ya kwanza! Anapika, hapiki sana, lakini anapika! Mara ya pi..."

Tulicheka wote wawili, yeye akigonga mkono wa kiti, mimi chini nashindwa kuinuka. Kisha kicheko chake kikabadilika. Kikawa kikohozi, kikohozi kikawa filimbi nyembamba, na mabega yakaanza kupanda kila alipotafuta hewa. Akatia mkono kifuani, akaitoa pampu ya zamani, ile ya mwisho, akabonyeza. Ikatoa mkwaruzo mdogo. Akabonyeza tena, haikutoa hata huo.

Nilirarua boksi kwa meno. Pampu ikaniponyoka, nikaiokota, nikaitikisa, nikapuliza hewani kwanza kama inavyotakiwa ikiwa mpya, nikainuka na kumnyooshea. Akatikisa kichwa. Midomo imeanza kupoteza rangi, macho yamemtoka, na bado anakataa!

"Fungua mdomo!" nikamfokea. Hata "mama" sikuweka. "Fungua mdomo wako, nimesema!"

Akafungua, nadhani kwa mshangao. Nikaweka. "Vuta. Polepole, usinyakue. Shikilia hapo hapo." Nikasubiri, nikarudia. Nilikuwa nimemshika kidevu kama mtoto mchanga, namwomba Mungu kimoyomoyo, na saa zote ukutani zinagonga kila moja kivyake.

Ile filimbi ikapungua. Mabega yakashuka. Akanitazama kwa ghadhabu kubwa.

"Hakuna kitu humu," akasema, "nilikuambia kule ofisini kwako na ukajifanya husikii, haipigi koo, haina baridi, haina hata mlio, mtu anavuta kama anavuta harufu ya chakula cha jirani, halafu mnatuletea sisi wagonjwa, watu wazima wenye heshima zetu, mnasema tuachane na pampu yetu iliyotulea kwa ajili ya mbingu ambazo wala hazijalalamika, na wewe mke wa mwanangu niliyekupokea kwa mikono miwili unanifokea na kunishika kidevu kama mbuzi, na nitamwambia mumeo leo hii hii akirudi kutoka kwenye hilo bomba lake, maana..."

Akaweka kiganja kifuani.

"Nimesema mengi," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Bila kupumzika."

Nikaketi sakafuni. Nilianza kulia pale pale, kilio cha kwikwi, bila aibu. Akashusha kiti mpaka chini, akanifuta uso kwa upindo wa gauni lake.

"Ulidhani nakufa."

"Ndiyo."

"Hata mimi." "Nimekuwa naogopa mwezi mzima, mwanangu. Kelele zote zile ni woga."

Nikamweleza habari ya maji na tundu. Nilieleza kwa adabu, huku natafuta maneno ya kumsitiri, lakini Mama Mnada hanunui maneno. Akavitazama vile vikopo vya watu, kimoja kimoja, na uso wake ukaniumiza.

"Hilo ombi lenu umeshaliandika?"

"Bado, mama. Niliogopa."

"Andika hatuhitaji tena. Sema nimesema mimi."

Nikamwambia kwanza twende hospitali akaangaliwe. Akasema tutakwenda, ila kuna jambo la haraka zaidi. Akatoka nje, akapanda juu ya meza yake barazani, akawaita majirani kwa sauti yote. Walikuja mbio, wengine na vikopo mikononi, wakidhani kuna mnada. Nikasimama chini yake, tayari na pampu mpya.

"Jamani!" akasema. "Wote niliowapimia, nisameheni. Nilikuwa naziogesha dawa zenu, ndizo zikafa. Zilikuwa nzima, mpimaji ndiye mbovu. Kopo lisiguse maji, mnasikia? Oga wewe, osha plastiki, kopo liache!"

Bibi mmoja akauliza kama basi atarudishiwa kikopo chake pamoja na maji yaliyomo. Baraza zima likaangua kicheko. Walimcheka Mama Mnada bila huruma, naye akavumilia, akavumilia, kisha akashindwa, akacheka pamoja nao, akicheka kwa kupinda mgongo, kwa machozi, kwa kushika meza asianguke. Nikainua pampu. Akanipungia mkono niishushe, akaendelea kucheka.