Bibo la Asubuhi ya Kipaimara

Harufu ya mabibo yaliyoanza kuchacha chini ya mikorosho hunisimamisha njiani mpaka leo. Wengine wakiisikia huwaza mavuno. Mimi nawaza gauni jeupe. Kisa hiki nimewahi kuwaeleza watu wawili tu, na mara zote mbili niliruka sehemu inayoniaibisha. Leo nakisema chote.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, kwetu Marambo, wilayani Nachingwea, na Askofu alikuwa anakuja kutupa kipaimara. Dayosisi ni kubwa na barabara zetu mnazijua, kwa hiyo Askofu haji kila mwaka. Ukiikosa siku hiyo unakaa benchi Jumapili nyingi ukiwaangalia wenzako wakipokea ushirika. Sharti la padri wetu lilikuwa moja: tangu usiku usile kitu, hata maji usinywe, mpaka upokee.

"Atakayekula atoke mstarini mwenyewe," alituambia. "Nisije nikamtafuta."

Nilikuwa mtoto wa kutaka kila kitu kinyooke. Katekisimu niliijua mpaka vituo vyake. Gauni nilikuwa nimelipiga pasi mara tatu. Bibi yangu alikuwa ametoka Ruangwa kwa ajili yangu tu, na alikuwa ameshatangulia kanisani kushika nafasi ya mbele.

Asubuhi hiyo, nikienda kanisani, nilipita njia ya mkato katikati ya mikorosho na rafiki yangu Asha. Kwao ni Waislamu. Alikuwa ananisindikiza ili aione kofia ya Askofu. Sasa, watoto wa kwetu tuna mazoea: ukiona bibo limeanguka, unaokota, unanyonga korosho, unaitia mfukoni, kisha unalinyonya bibo huku ukitembea. Mkono wangu haukuniuliza. Nilishtuka maji yalipotiririka kifuani.

"We! Si umefunga?" Asha alicheka mpaka akashika mti. "Mwenzangu umefuturu asubuhi!"

Nilipoanza kulia, akaacha kucheka. "Ustadhi anasema ukila kwa kusahau, funga yako iko palepale. Mungu ndiye kakulisha."

"Huyo ni wa kwenu."

"Kwani wa kwenu ni mwingine?"

Doa la bibo halitoki. Nililisugua kwa mate, likazidi kutanuka, nikalifunika kwa kitabu cha sala. Halafu nikaingia mstarini. Hii ndiyo sehemu niliyokuwa nairuka: sikutoka. Nilikusudia kunyamaza.

Askofu alifika amekunja suruali, kwa sababu gari lilikwama na kipande cha mwisho alikitembea. Habari zake tulizijua sote: mtoto wa mkulima wa ufuta wa Nandagala, mwalimu wa shule ya msingi aliyeacha chaki akawa padri, akazunguka miaka mingi kwa baiskeli kati ya Ruponda na vijiji vyetu. Kaka yake ni Mwislamu, na siku Askofu alipowekwa wakfu huyo kaka alikaa kiti cha mbele na kanzu na baraghashia yake.

Alipita akimpa mkono kila mtoto na kumwuliza jina. Ili nimpe mkono, ilibidi nishushe kitabu.

Akaliona doa. Mtu wa mikorosho haambiwi hilo ni la nini. Nikasema kabla hajauliza, "Baba Askofu, nimekula bibo. Nilisahau. Halafu nikataka kuficha."

"Toka mstarini," padri alisema.

"Subiri kidogo, Padri." Askofu akainama. "Lilikuwa jekundu au la njano?"

"La njano."

"Hayo ndiyo matamu." Kisha akashusha sauti. "Kusahau hakukuwa kosa. Kuficha ndiko, na hilo umeshaliungama. Simama hapohapo." Akamgeukia padri. "Sharti lako ni zuri. Leo nimelivunja mimi, si yeye."

Aliniwekea mikono kichwani, mizito na ya moto, na bibi akapiga vigelegele kabla ya wakati wake. Mahubiri yote nilingoja anitolee mfano. Hakunitaja.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba nilipewa upendeleo wa mara moja tu, nikazidi kujikagua ili nisiuhitaji tena. Mwaka jana nilimfuata Askofu kwao Nandagala, amestaafu, anapalilia ufuta wake. Nilitaka kuandika maisha yake, ingawa hakuna aliyenifundisha kuandika. Swali langu la mwisho lilikuwa kuhusu siku ile. Alinisikiliza mpaka mwisho, na nikaona jinsi alivyokuwa akijitahidi kuikumbuka.

"Sikumbuki, mwanangu," alisema. "Walikuwa wengi."

Nilisononeka mpaka nilipofika barabarani. Hapo ndipo nilipoelewa. Siku niliyoitunza kama ya pekee, kwake ilikuwa kazi tu. Aliifanya kila alipofika, kisha akaenda kijiji kinachofuata.

Nikafungua daftari. Nilikuwa nimeorodhesha madaraka aliyoshika na makanisa aliyojenga, kwa mwandiko wangu bora. Chini yake nikaandika nikiwa nimesimama, kwa mwandiko mbaya ambao sikuufuta: watoto wengi.