Kipepeo Mlevi na Posa ya Khalati Zuhura

Enzi zetu, na nyinyi mliolelewa kabla simu haijaota jicho mtanielewa, kipepeo hakupigwa picha ovyo. Kipepeo alipikiwa.

Masika yakishanyesha wiki mbili tatu, kijiji chetu cha pembezoni mwa msitu wa Gede kilijaa vipepeo mpaka mbuzi wakawa wanapiga chafya. Weupe walikunywa maji ya matope njiani, wamejipanga kama watoto wa madrasa. Wa manjano waliingia hadi darasani, na mwalimu wetu wa hesabu aliwahi kumtoa mmoja nje kwa kosa la kutovaa sare. Sisi tulicheza mchezo wa kati kwa mpira wa soksi, tukala maembe mabichi kwa chumvi na pilipili, tukarudi nyumbani tumelowa chapachapa. Watoto wa leo wakinyeshewa kidogo tu hutafutiwa daktari, na wao wenyewe hujirekodi wakikohoa.

Kila mtu wa Pwani anajua kwamba kipepeo akiingia nyumbani, mgeni yuaja. Lakini Nyanya, mama yake mama, aliyetulea sote katika nyumba moja, alikuwa amelifikisha jambo hili mbali. Alimsoma kipepeo kama wengine wanavyosoma gazeti. Mweupe alikuwa mgeni aliyetoka kuswali. Wa manjano alikuwa mtu wa Malindi mjini, atakula sana kisha alalamikie chumvi. Mweusi alikuwa mtu wa serikali, na hapo sisi watoto tulitumwa mbio tukafiche kuku. Akishamsoma, alibandika wali wa nazi, na mtu asipotokea hakukubali hata siku moja kwamba amekosea. Alisema mgeni amepita sisi tukiwa hatuangalii, kisha akatugawia sehemu yake. Masika tulinenepa sana.

Mtu mmoja tu ndani ya nyumba ile hakuwapenda vipepeo, naye ni Khalati Zuhura, mdogo wake mama. Alikuwa ameshapoteza wachumba wawili kwa sababu yao. Wa kwanza alitanguliwa na kipepeo wa kahawia aliyetua juu ya sinia la halwa akakaa hapo mpaka alasiri. "Mlafi," akasema Nyanya, na posa ikarudi ilikotoka. Wa pili alikuwa na duka kule Watamu, akatanguliwa na kipepeo aliyechanika bawa. "Paa la huyo lavuja," akasema Nyanya. Paa lenyewe lilikuwa la mabati mapya, tena yalikuwa yakimeta ukiyaona kutoka barabarani! Lakini nani angebishana na Nyanya?

Wa tatu alikuwa Mwalimu Bakari wa Mambrui. Huyu Khalati alimtaka. Walikuwa wameonana kwenye maulidi, Mwalimu akampisha njia, akamwangushia sahani, na tangu siku hiyo Khalati akawa anatia sukari kwenye mchuzi. Mwalimu alikuwa mwembamba, mpole, asiyethubutu hata kahawa kali kwa sababu ilimwendesha moyo mbio. Nilimsikia Khalati akimwambia mama jikoni, machozi yanamtoka, "Dada, huyu naye akirudishwa, mimi basi. Sitaki tena kuposwa na mtu." Mimi mwenyewe nililia, ingawa sikujua vizuri kuposwa ni nini.

Sasa, katika nyumba hiyohiyo alikuwamo Mjomba Athumani, kaka yao, mpiga picha za harusi. Alikuwa na kamera moja kuukuu na pazia lililochorwa ndege ya abiria ikitua juu ya ziwa lenye mabata. Mwenye studio mmoja wa Malindi alikuwa amemwambia hivi: watoto wanaoletwa kupigwa picha siku ya Idi hawatulii kwenye kiti, kwa hiyo niletee picha ya kipepeo isiyo na ukungu, nami nitakuajiri. Mjomba alikuwa hajui kupiga picha ila ya bi harusi, basi kipepeo naye akamfanya bi harusi. Tulimbebea pazia, kiti na chombo cha maua ya plastiki mpaka vichakani. Tulitundika lile pazia kwenye matawi, yeye akapiga goti topeni akawa anabembeleza: "Geuza uso kidogo, mama. Hapo hapo. Usicheke." Akimaliza kusema hivyo, kipepeo ameshafika Watamu. Mkanda ulipooshwa tulipata picha nyingi nzuri sana za kiti.

Asubuhi ya siku ya posa ilikuwa imebaki picha moja tu kwenye mkanda mpya. Mjomba alikuwa amegundua kwamba wale vipepeo wakubwa wenye mikia miwili, wazuri kuliko wote, hawana haja na maua. Wanataka kilichooza na kilichochacha. Akaenda kwenye minazi ya jirani, alikogema Mzee Karisa, mtu wa Kaloleni, akachukua kibuyu cha pombe ya mnazi kilichokuwa kimeegeshwa shinani, akaimwaga juu ya maganda ya ndizi nyuma ya jiko letu. Hebu fikirini, nyuma ya jiko la Nyanya! Mwanamke ambaye harufu ya mnazi ikipita barabarani alitoka akaosha kizingiti.

Kipepeo akaja. Akatua, akanywa, akanywa tena, akafungua mabawa yake kama kanga mpya. Mjomba akasogeza kamera, akavuta pumzi, na akiwa karibu kubonyeza, yule kipepeo akaruka. Hakuruka sawasawa. Alikwenda upande, akagonga ukuta, akarudi nyuma, akaingia kwa mlango wa mbele, akapepesuka sebuleni kote na kuanguka chali juu ya mkeka, mbele ya miguu ya Nyanya.

Nyanya alimtazama kwa muda mrefu. Miguu ya kipepeo ilikuwa inachezacheza hewani.

"Kwa mlango wa mbele," akasema taratibu. "Ni mgeni wa heshima. Na ni mlevi."

Nyuma ya pazia la chumbani nilimsikia Khalati akikaa kitandani kwa kishindo.

Kwa desturi yetu, mwenye kuposa hubaki kwao na wazee wake ndio huja kusema. Lakini Mwalimu Bakari alikuwa na mzee mmoja tu, ami yake, na ami huyo alikuwa hajui kuendesha baiskeli. Kwa hiyo Mwalimu alimpakia nyuma, kutoka Mambrui mpaka kwetu, kwa mpango kwamba akifika ajifiche njiani mpaka mazungumzo yaishe. Njia yenyewe mvua ilikuwa imeigeuza uji. Walianguka walipofika kwenye mkunjo wa mwisho, wote wawili, pamoja na kapu la mahamri. Ami akateguka kifundo cha mguu, ikabidi Mwalimu amkokote. Wakaingia uani wakiwa wamekumbatiana, matope mpaka kwenye nyusi, wanayumba kushoto na kulia. Mwalimu akatoa salamu, akajikwaa kizingitini, akaanguka juu ya mkeka, kando ya kipepeo.

"Nilijua," akasema Nyanya.

"Shikamoo," akasema Mwalimu akiwa palepale chini.

"Marahaba. Hebu pumua hapa."

Akapumua. Nyanya akanusa, akakunja uso, akamwamuru apumue tena. Hakupata kitu ila mahamri. Hilo halikumzuia. "Wajanja hutafuna karafuu," alisema, na akaanza kumshukuru ami kwa kuja, kwa ule upole wake wa kumtoa mtu nje. Ami, maskini, akawa anakunja kanzu yake ainuke na mguu ule umevimba.

Hapo Khalati Zuhura akafanya jambo ambalo msichana anayeposwa hafanyi. Alitoka chumbani. Akapita mbele ya wageni bila kuinua macho, akainama, akamwokota kipepeo kwenye kiganja, akamnusa.

"Mama, anayenuka mnazi ni kipepeo."

Nyanya naye akamnusa kipepeo. Kisha akageuka polepole kumtazama Mjomba Athumani, aliyekuwa amesimama mlangoni na kamera shingoni, ameshika kibuyu mkononi kama mtu aliyesahau kwamba ana mkono.

"Nilimpa mimi," akasema Mjomba. "Nilitaka atulie."

Tuliinamisha vichwa tukingoja radi. Lakini Nyanya hakupiga kelele. Alifikiri. Hakuwa tayari kukubali kwamba kipepeo anaweza kusema uongo, hata akiwa amelewa. Mwishowe akakaa vizuri, akajifunika leso, akasema, "Basi mlevi si huyu. Mlevi bado yuaja. Hatuamui neno mpaka afike."

Tukamngoja. Hakuna aliyejua tunamngoja nani. Pilau ilipoa. Ami aliwekewa mguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Mwalimu alikaa wima na matope yakimkaukia usoni, akawa anafanana na chungu, na Khalati alisimama kando ya pazia akiwa bado ameshika kipepeo. Sijawahi kumwona mtu akiomba mlevi atokee kama alivyoomba Khalati. Alikuwa anasoma Yasini.

Adhuhuri ikapita. Mara kukasikika hodi uani, na kikohozi, na mtu akigonga pipa la maji. Alikuwa Mzee Karisa, macho mekundu, kofia imegeuka, ameshika nguzo ya baraza kana kwamba nguzo ndiyo itakayoanguka.

"Wenye mji, hodini! Nani jamani amenionea kibuyu changu?"

"Karibu mgeni!" Nyanya aliruka kwa furaha ambayo hata mahujaji hawakuipata kwake. "Karibu, karibu, mwanangu! Ulichelewa wapi? Zuhura, mpakulie!"

Mzee Karisa, ambaye miaka yote alipita nje ya nyumba ile kwa kukimbia, alikalishwa kwenye mto wa heshima, akawekewa pilau yenye nyama ya sehemu nzuri, akaanza kulia kwa mshangao. Posa ikakubaliwa hapohapo. Kipepeo naye akazindukana, akapaa kidogo, akatua juu ya kofia ya Mwalimu Bakari, akatulia tuli.

Mjomba akainua kamera.

"Usimpige!" Nyanya akamkataza. "Ukimpiga picha kipepeo ndani ya nyumba, mgeni wake hubaki palepale. Hataondoka tena!"

"Mpige, Athumani," akasema Khalati. "Mpige haraka."

Akampiga. Picha ilitoka na ukungu, kazi ya Malindi akaikosa, akaishia kufuga nyuki, ambao nao hawatulii.

Sisi tuna picha hiyo moja ya siku ile, na ukiitazama huoni kitu ila matope na meno. Vijana wa leo wana picha elfu za mtu mmoja, na mwezi ujao wanazifuta zote wanaanza na mwingine. Masika haya nimewaona wajukuu wa Khalati wakimfukuza kipepeo sebuleni kwa simu tatu. Walipompata vizuri wakamfungulia dirisha atoke, wakainamia kila mmoja simu yake. Jikoni hakuna aliyebandika kitu. Mgeni wa siku hizi hupiga simu kwanza, na mara nyingi hupiga kusema haji. Sisemi zamani kulikuwa na akili zaidi, mmejionea wenyewe. Lakini wali ulikuwepo.

Nyanya ametangulia mbele ya haki, Mzee Karisa pia, na Mjomba. Mwalimu Bakari yupo, ila kumbukumbu zimemtoka. Kila jioni hutoka uani akazunguka nyumba aliyoijenga mwenyewe, akarudi kwa mlango wa mbele, akapiga hodi. Khalati humkaribisha, humkalisha, humnawisha mikono. Juzi nilikuwepo. Mwalimu alimtazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mwenye nyumba, akamuuliza kwa sauti ya chini kama ile posa yake imeshajibiwa.

"Wazee bado wanashauriana, Mwalimu," akasema Khalati, akamsogezea sahani. "Kula kwanza."