Mwanasesere Mwenye Zipu Tumboni

Watoto wa chekechea walimwita mwalimu wao Mwalimu Tarumbeta, naye alilipenda jina hilo. Sauti yake ilitangulia kufika darasani, mwenyewe akifuata. Aliweza kuandika ubaoni kwa mkono mmoja huku wa pili ukimfuta mtoto kamasi, na jambo lililomshinda leo aliamini kesho litamtambua.

Muhula ule kilichomshinda kilikuwa chakula. Ukutani alibandika chati yenye picha za vyakula vya kujenga mwili, vya kutia nguvu na vya kuulinda. Watoto waliikariri kama kasuku. Lakini kengele ya mapumziko ilipolia, pipi na biskuti ziliingia vinywani, na mchicha uliopikwa na mama zao ukaishia kwenye pipa la taka. Bingwa wa kutupa alikuwa binti mmoja mwenye pengo mbele, mtoto asiyejua kunong'ona.

"Mbona unatupa chakula kizuri?" mwalimu alimuuliza.

"Si kinaingia tumboni halafu kinapotea? Bora nile kitamu."

 Mwalimu akaenda na swali hilo nyumbani.

Nyumbani alikuwepo mama mkwe wake. Mama huyo alikuwa ameshona magodoro na vitambaa vya makochi maisha yake yote, hadi goti lilipomgomea na mwanawe akamchukua akae nao. Sasa alishinda dirishani akifumua foronya nzima na kuzishona upya, ili tu mikono isikae bure. Yeye na mkwewe waliheshimiana sana, lakini mazungumzo yao hayakuvuka habari za chumvi na mvua.

Jioni ile, mwalimu akimenya viazi, alisema, "Mama, naomba unishonee mtu wa kitambaa. Kimo chake kama mtoto wa darasa langu. Awe na mdomo unaofunguka."

Mama mkwe alishusha miwani. "Wa kuwatishia watoto?"

"Wa kulishwa."

"Akishameza, chakula kinakwenda wapi?"

"Hilo ndilo wanaloniuliza."

Bibi yule alipapasa foronya kama mtu anayepima godoro. Kisha akasema, "Basi kisikae tumboni tu. Kishuke mpaka miguuni. Nikiiacha miguu mitupu, atalegea. Akishiba, miguu itajaa, na ukimwegemeza ukutani atasimama."

Mwalimu aliweka kisu chini. "Mama, rudia hapo."

Kuanzia hapo sebule iligeuka karakana. Shuka kuukuu ikawa ngozi. Zipu ilitoka kwenye koti la mume wa mwalimu, bila yeye kuulizwa.

"Koti langu limekosa nini?" aliuliza.

"Limepata kazi," mama yake akamjibu bila kuinua kichwa.

Mwalimu hakujua kushona, na hakuona haya kusema hivyo. Alipewa kazi ya kukata vitambaa vya rangi na kuvijaza mabaki ya nguo: karoti, maharage, samaki, chungwa, fungu la mchicha. Mama mkwe aliokota kimojawapo, akakigeuzageuza.

"Hiki ni kiazi?"

"Yai, mama."

"Kuku wake apelekwe hospitali."

Walicheka mpaka mume wa mwalimu akaja kuchungulia. Pipi walizishona ndogo kama vifungo. Tumbo ndilo lililokuwa kubwa, kwa sababu bibi alilikata akimkumbuka marehemu mumewe, na mwanasesere akaitwa Mzee Kitambi.

Siku ya kumpeleka darasani, mwalimu mkuu alisimama mlangoni amekunja mikono kifuani. "Wakaguzi wamezoea chati," alisema.

"Chati ipo, haijaondoka ukutani," Mwalimu Tarumbeta alimjibu, akamketisha Mzee Kitambi mbele ya watoto.

Waliomlisha kwanza wote walichagua pipi. Alipoegemezwa ukutani, aliporomoka chini kama nguo iliyoanguka kutoka kwenye kamba. Watoto walitoa macho. Akafunguliwa zipu: pipi zilikuwa zimelala chini kabisa nyayoni, na miguu imesinyaa.

"Amekula, lakini hajapata cha kusimamia," mwalimu alisema. "Tumsaidie."

Mtoto mwingine akamsukumia samaki mzima. Samaki akakwama kooni. Mwalimu alivuta, hakutoka. Alisukuma, hakushuka. Mwalimu mkuu akakohoa kule mlangoni.

"Amekabwa," binti mwenye pengo alitangaza.

Mwalimu hakutetereka. "Kwa nini amekabwa?"

"Hajatafuna."

"Basi mtafunieni."

Wakamzunguka, wakaminya mashavu na shingo ya kitambaa mpaka samaki akashuka. Yakafuata maharage, karoti na lile yai lenye sura ya kiazi. Binti mwenye pengo ndiye aliyeingiza mchicha, kisha akatia mkono tumboni kuufuata, akaukuta gotini. Mzee Kitambi alipoegemezwa tena, alisimama. Aliinama kidogo upande mmoja, lakini alisimama, na makofi yakasikika hadi jikoni.

Wakati wa mapumziko binti alifungua bakuli lake, akautazama mchicha kwa muda.

"Mwalimu, naweza kuupeleka goti la kushoto tu?"

"Kula kwanza, utajigawa wenyewe."

Alikula nusu. Iliyobaki aliitupa. Kwa mwalimu, nusu iliyoliwa ilikuwa mavuno ya kutosha kwa siku ya kwanza.

Kabla wiki haijaisha, mwalimu mkuu alimfuata ofisini na kuuliza kama fundi aliyemshona Mzee Kitambi angeweza kushona mwingine kwa ajili ya darasa la kwanza. Mwalimu alifikisha ombi jioni hiyohiyo. Kabla hajamaliza kusema, mama mkwe alikwisha kutandaza shuka nyingine mezani.

"Huyu atakuwa mwanamke," alisema, chaki ikiwa mkononi. "Na shingo nitaipanua. Kaa hapa, mwanangu, leo nakufundisha kushika sindano."